Zamu Iliyopokewa Kabla ya Kuachiwa

Mafundi wa mitandao wana neno wanalolitamka upesi, feilova, na wakishalitamka huona kana kwamba tukio limekwisha kuelezwa. Mashine mbili za ulinzi zimewekwa mlangoni mwa mtandao wa ofisi. Moja inapitisha mawasiliano, nyingine iko macho ikiiangalia ya kwanza. Usiku wa manane, umeme haujakatika, hakuna aliyegusa waya, ile ya pili inashika kazi. Asubuhi simu zinaanza kulia: mfumo umetutoa, namba ya malipo haitoki, mgonjwa yuko dirishani na rekodi yake haifunguki. Fundi anaangalia kumbukumbu za mashine, anaandika kwenye ripoti "ilitokea feilova", anafunga. Alichoandika ni jina la tukio. Sababu bado haijaandikwa, na jina lenyewe limesaidia kuificha.

Neno hilo limeunganishwa kwa vipande viwili vya Kiingereza, kushindwa na kuvukia upande wa pili, na halina mtendaji. Halisemi nani alishindwa, wala nani aliamua kwamba mwenzake ameshindwa. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali ukimya wa namna hiyo. Kikiingia kwenye sentensi kinamtaka mwenyewe, na kiambishi chake kinakaa mbele kabisa, kabla hata ya wakati. Iliachia. Ilitwaa. Ilikabidhiwa. Ilinyang'anywa. Ilidhaniwa imekufa. Haya ni matukio matano, na kila moja lina tiba yake. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kulitafutia jambo hili Kiswahili chake ni kazi ya fundi kama ilivyo ya mwanaisimu: anayetafuta kitenzi sahihi amekwisha kuanza kutafuta hitilafu.

Kwanza mashine yenyewe. Wengi huiita fayawoli, na wanaotafsiri neno kwa neno huandika "ukuta wa moto". Tafsiri hiyo ina tatizo la sikio. Kiunganishi chetu cha -a kinabeba uhusiano wa kila aina, kwa hiyo "dawa ya mbu" haitengenezwi kwa mbu na kila mtu anaelewa. Lakini neno ukuta limezoea kufuatwa na kitu kilichoujenga: ukuta wa mawe, ukuta wa matope, ukuta wa matofali. Mtu akisikia ukuta wa moto anaona ndimi za moto zimesimama wima. Asili ya jina ni ya waashi: ukuta mnene kati ya jengo na jengo, ili moto wa upande mmoja usile upande wa pili. Lilihamia kwenye mitandao ya kompyuta kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, miaka ileile programu iliyoachiwa na Robert Morris huko Marekani, Novemba 1988, ilipotapakaa kwenye kompyuta za intaneti changa na kuonyesha jinsi mtandao usio na vizuizi unavyoungua wote kwa pamoja.

Watu wa wilaya ya Serengeti hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa mfano wa majengo ya mawe. Kiangazi kinapoanza, kabla nyasi hazijakauka kabisa, kuna sehemu za mbuga zinazochomwa mapema kwa makusudi, na kuna ukanda unaofyekwa ili moto wa baadaye ukifika hapo ukose cha kula. Ukanda huo ni kinga. Kinga ni neno la kazi, limekomaa: kinga ya mwili, kinga ya mvua, kinga dhidi ya maradhi. Kwa hiyo naiita mashine hii kinga-moto, na sidhani kwamba nimebuni kitu. Nimeokota kilichokuwa kimelala pale pale.

Wapo wanaopendelea ngome, na hoja yao ina uzito. Serengeti hiyohiyo ina Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20, kama Unguja ilivyo na Ngome Kongwe yake. Ngome ina lango, na langoni kuna askari anayeuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Mashine hizi hufanya hivyo hasa: hukagua anwani ya kutokea, anwani ya kwendea, na mlango unaogongwa, kisha hupitisha au hukataa. Ukanda uliofyekwa hauchagui, unazuia kila mwako. Nakubali. Lakini ngome haihami wala haiachii kazi. Askari wa zamu ndiye anayeachia. Na makala haya yanamhusu askari wa zamu.

Kuna sadfa moja sitaki ipite. Methali inasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali ni kijinga, kipande cha ukuni chenye moto, na haina uhusiano na kinga ya kuzuia. Hata hivyo sauti ni moja, na wazo la viwili kusaidiana ili kitu kisizimike ndilo lililomfanya mhandisi aweke mashine mbili badala ya moja. Siitumii kama hoja. Naitaja kwa kuwa inanifurahisha.

Wingi huo wa mashine unaitwaje? Neno linaloteleza kwanza ulimini ni ziada: mashine ya ziada, njia ya ziada. Liepukwe. Kitu cha ziada kwenye bajeti ya halmashauri ndicho kinachokatwa kwanza, na mhasibu anayekikata hana kosa, kwa maana ziada ni kilichozidi hitaji. Akiba ni kitu kingine. Akiba imewekwa kwa siku inayojulikana kwamba itakuja. Mchezaji wa akiba amevaa jezi na jina lake liko kwenye orodha ya mwamuzi. Kinga-moto ya akiba, basi, na ile nyingine ni kinga-moto ya zamu.

Zamu na lindo ni maneno mawili yanayokaribiana, na mkoa wa Mara unayajua yote mawili vizuri. Zamu iko shuleni na wodini: mwalimu wa zamu, muuguzi wa zamu. Lindo ni zamu yenye hatari ndani yake. Sungusungu wana lindo, walinzi wa mgodi wa North Mara kule Nyamongo wana lindo, na mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi hulala shambani mahindi yanapokomaa kwa sababu ya tembo. Kibanda chake nacho huitwa lindo. Kwa hiyo jambo ambalo mafundi huliita feilova ni kupokea lindo. Nomino yake iwe upokezi wa lindo. Ni ndefu kuliko neno la Kiingereza, lakini ina watu wawili ndani yake: anayepokea, na anayepokelewa.

Lugha ya ofisi za serikali imetuandalia mengine. Kaimu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao humwita mwenye kusimama mahali pa mwingine kaimu makamu, ni mtu anayetia saini mkuu wake akiwa hayupo. Anapoingia kuna makabidhiano, na makabidhiano yana hati: majalada yaliyo wazi, madeni yasiyolipwa, barua zinazosubiri majibu. Mashine nazo zina hati hiyo. Kila mazungumzo yanayopita, kila malipo yaliyofika nusu, yameandikwa kwenye jedwali la kinga-moto ya zamu, na jedwali hilo linanakiliwa wakati wote kwenda kwa ya akiba kupitia waya wao wa pekee. Nakala ikiwa imekamilika, lindo linabadilika na mtumiaji hahisi kitu. Ikiwa haijakamilika, au waya ule ulikuwa umelegea wiki nzima bila mtu kuangalia, kaimu anaingia ofisini asijue jalada lipi liko wazi. Malalamiko yote ya asubuhi ile, mfumo umetutoa, anza upya, chanzo chake ni hapa: upokezi ulifanyika, makabidhiano hayakufanyika. Ni makosa mawili tofauti, na ripoti inayoyaweka chini ya neno moja itamfanya fundi ashughulike na lisilohusika.

Sasa jambo lenyewe: lindo limepokewa bila kutarajiwa. Ipo itifaki inayotumika sana kwa kazi hii. Ilichapishwa mwaka 1998, na mojawapo ya matoleo yake ya baadaye lilitoka 2010. Ndani yake mwenye zamu hutoa tangazo, kwa kawaida kila sekunde moja: niko hapa. Wa akiba hasemi kitu, anasikiliza. Matangazo matatu yakikosekana, na sehemu ndogo ya sekunde juu yake, anachukua lindo. Haipiti sekunde nne. Mafundi huyaita matangazo hayo mapigo ya moyo, na hapa naona Kiingereza kimewapoteza. Moyo ukisimama mwenye moyo amekufa. Tangazo likikosa kusikika, huenda mtangazaji amekufa, huenda koo limekauka, huenda kuna ukuta katikati, huenda msikilizaji ni kiziwi. Neno tangazo linalazimisha swali la pili, la msikilizaji. Neno mapigo linalizima.

Na itifaki yenyewe inalijua hilo. Kila tangazo hubeba namba ya cheo, kutoka 0 hadi 255. Mwenye zamu anapoondoka kwa hiari, kwa mfano fundi amemzima kwa utaratibu, hutoa tangazo la mwisho lenye cheo 0, maana yake naachia. Wa akiba akilisikia hasubiri zile sekunde tatu. Waliobuni walitenganisha kuachia na kunyamaza, wakaviwekea alama tofauti kwenye waya. Sisi ndio tuliovifunika tena kwa jina moja.

Ripoti ya upokezi usiotarajiwa inapaswa kuanza hapo. Je, ya zamu iliachia? Kama iliachia, iliona nini: mlango wake mmoja umeshuka, umeme umeyumba, programu imejianzisha upya? Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na kifaa cha umeme kilichochoka huonyesha uchovu wake usiku wa mvua. Au haikuachia kabisa, ilikuwa inaendelea kutangaza, na ya akiba ndiyo iliyotwaa? Kama ilitwaa, kwa nini haikusikia? Swichi iliyo kati yao inaweza kuwa imefundishwa kuchuja matangazo yanayotumwa kwa kundi, ikayatupa. Kikundi kingine cha mashine kinaweza kuwa kimepewa namba ileile kwenye mtandao uleule, wakawa wanasikia matangazo ya nyumba ya jirani. Au prosesa ya mwenye zamu ilielemewa kwa sekunde tano, ikinakili kumbukumbu zake au ikipakua orodha mpya ya virusi, ikawa hai lakini haina nafasi ya kusema niko hapa. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiita ilidhaniwa imekufa, nayo hurudia saa ileile kila usiku, kwa kuwa kazi hizo hupangwa kwa saa.

Nimefika kwenye saa, na hapa sina budi kukaa kidogo. Swali la nani alitangulia, aliyeachia au aliyetwaa, linajibiwa kwa kulinganisha kumbukumbu za mashine mbili, na tofauti inayotafutwa mara nyingi ni chini ya sekunde tano. Saa zao zisipoendana hakuna ushahidi. Hilo kila fundi analijua. Lisilotajwa vya kutosha ni saa yetu. Karani wa Mugumu akisema mtandao ulikata saa tatu asubuhi, mashine iliyowekwa kwa saa za Afrika Mashariki imeandika 9:00. Mashine iliyoachwa kwenye saa ya dunia imeandika 6:00. Dakika ni ileile moja, na tayari kuna tatu, tisa na sita. Fundi aliyekaa Dar es Salaam au Nairobi, akisoma ripoti iliyoandikwa "saa 3" bila neno asubuhi, atakwenda kuchimba kumbukumbu za usiku wa manane, na huko huenda akakuta kitu kingine kilichotokea kweli, akakishika hicho. Saa ya Kiswahili ina mantiki yake: inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na sitaki iachwe. Iandikwe kwa maneno, na sehemu ya siku yake, saa tatu asubuhi, saa nane usiku, na pembeni yake iwekwe namba ya mashine kama ilivyo. Zote mbili, kila mara.

Kuna namna nyingine ya kuachia inayostahili jina lake. Mashine hizi zinaweza kuagizwa kuchunguza anwani ya mbali, labda ng'ambo, na kuachia lindo kama haiitiki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopoteza sehemu kubwa ya intaneti yake kwa muda. Jozi yoyote yenye agizo la namna hiyo ingeona siku ile kwamba njia imekufa. Ya zamu ingeachia, ya akiba ingepokea, nayo ingekuta njia imekufa vilevile, kwa sababu bahari haijali ni mashine ipi iliyo kazini. Hapo kitenzi ni kujiuzulu: kuacha kazi kwa jambo ambalo si kosa lako na ambalo mrithi wako hataliponya. Tiba yake ni kuchagua kitu cha kuchunguza kilicho karibu, ambacho kweli hutofautisha afya ya mashine hii na ile. Mtu wa Sirari anaijua hali hii ya kuachwa asiye na kosa kwa simu yake mwenyewe, inaposhika mnara wa Kenya ng'ambo ya mpaka hali mnara wa Tanzania haujaharibika, umezidiwa nguvu tu mahali pale aliposimama.

Kiingereza nacho kimekuwa kikisafisha msamiati wake. Itifaki niliyoitaja ilimwita mwenye zamu kwa neno lenye maana ya bwana. Toleo la Aprili 2024 limeliacha neno hilo na kumwita tu aliye kazini, kwa kuwa bwana humvuta mtumwa nyuma yake. Pwani yetu, kutoka Bagamoyo hadi Unguja, ingekuwa mahali pabaya kuliko pote pa kulipokea jina hilo, na nafurahi kwamba zamu haina bwana ndani yake. Leo mimi, kesho wewe.

Hatari kubwa kuliko zote ni pale ya akiba inapotwaa na ya zamu haijaachia. Zote mbili ziko kazini, zote zinajitangaza kwa anwani moja, na swichi inaona anwani hiyo ikitokea mlango huu, mara ule, mara huu tena. Nusu ya ofisi inapata mtandao, nusu inakosa, kisha wanabadilishana. Waingereza na Wamarekani wanaliita jambo hili kwa jina lililotoka hospitalini, kwenye utafiti wa watu waliotenganishwa pande mbili za ubongo, uliompa Roger Sperry tuzo ya Nobel mwaka 1981. Likitafsiriwa, ubongo uliogawanyika, linasikika kama ugonjwa wa mtu mmoja. Lakini hakuna aliyegawanyika. Kuna wawili wazima, kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba yuko peke yake. Tarime, nchi ya wafugaji, haina sababu ya kuazima ubongo. Mafahali wawili hawakai zizi moja: methali imekwisha kusema yote. Napendekeza ufahali. Fundi akimwambia mwenzake kwa simu "tuna ufahali", mwenzake ajue hapohapo kwamba mmoja atolewe zizini kwanza, maswali baadaye, na kwamba waya wa kusikilizana ndio wa kuangaliwa. Kinga ya ufahali ni kuwapa njia mbili za kusikilizana, zisizopita kwenye swichi moja.

Limebaki la mwenye zamu kurudi. Mashine ya kwanza imepona, imewaka, ina cheo kikubwa kuliko ya pili. Je, ichukue lindo lake mara moja? Mpangilio unaoruhusu hivyo unaitwa kwa Kiingereza kwa neno la kutangulia kununua, ambalo kwetu halisemi kitu. Kudai kunatosha: mashine yenye udai, mashine isiyo na udai. Yenye udai ikiwa na ugonjwa wa kuzimika na kuwaka, italidai lindo, itaanguka, italidai tena, na mtandao utapapatika usiku kucha kama kuku aliyefungwa miguu. Kupapatika ndiyo istilahi yake, na sijaona iliyo bora zaidi. Kwa ofisi za mjini, fundi akiwa dakika kumi kutoka kwenye mashine, udai unaweza kuachwa uwake, wenye kuchelewa kwa dakika kadhaa ili mashine ithibitishe kwamba imepona kweli. Kwa kituo kilicho mbali, Mugumu msimu wa mvua, barabara ikiwa matope, udai uzimwe. Ya akiba ibaki na lindo hata siku tatu. Inalipwa kwa hilo. Lirudishwe kwa mkono, mchana, baada ya hati ya makabidhiano kukaguliwa pande zote mbili, na kwenye daftari iandikwe nani aliachia, nani alipokea, na saa ngapi asubuhi.